Cheche Iliyopotea Ruaha Mbuyuni

Msomaji, kama umepata kusafiri kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, bila shaka wapajua Ruaha Mbuyuni, ingawa yumkini hukupata kukaa hapo zaidi ya dakika kumi. Basi husimama, vijana hulizingira na vifurushi vya vitunguu, abiria hununua kwa kupitia dirishani, na safari huendelea. Mimi mwenyewe nimepita hapo mara nyingi kwa namna hiyo hiyo, na kama ungeniuliza habari za mahali pale nisingekuwa na la kukueleza ila vitunguu na joto. Safari moja ya mwezi wa Novemba ndiyo iliyonilaza hapo, na kama ninakumbuka saa zote za usiku ule moja baada ya nyingine, sababu yake ni waya mmoja usiozidi urefu wa mkono wangu.

Tulikuwa watu watatu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka sabini na minne, alikuwa amekaa kwangu Dar es Salaam muda wa miezi minne akitibiwa maradhi ya kisukari, na daktari alikuwa amemruhusu kurudi nyumbani kwetu Rungwe. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana gari-nyumba moja kuukuu ambalo huwakodisha wageni. Huenda umeyaona magari ya jinsi hiyo mjini: kwa mbele ni gari kama magari mengine, na kwa nyuma ni chumba chenye kitanda, tangi la maji, jiko la gesi la mafiga mawili, na jokofu dogo. Alikuwa analipeleka Mbeya kwa wageni waliokuwa wanatokea Zambia, akasema, "Mjomba, kwa nini Bibi ahangaike na basi wakati kuna kitanda?" Maneno hayo yalinifurahisha, lakini lililonifurahisha zaidi ni jokofu.

Mama alikuwa na dawa yake ya insulini, chupa nne ambazo hazijafunguliwa, akiba ya miezi mitatu, pamoja na moja aliyokuwa akiitumia. Kwa ndugu ambaye hana mgonjwa wa kisukari nyumbani, nieleze kidogo. Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya baina ya nyuzi 2 na 8. Ile inayotumika yaweza kukaa nje muda wa majuma manne hivi, mradi iwe mahali pa kivuli na pasipo joto kali. Ikiganda kwa barafu, imekwisha, haifai tena. Ikipata joto, hupungua nguvu pole pole, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi huwezi kuitambua kwa macho. Chupa iliyoharibika na chupa nzima zaweza kufanana kama mapacha. Mtu hujichoma sindano akidhani amejitibu, kumbe amejidanganya.

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri. Chalinze tulikunywa chai, na Morogoro, yapata kilomita 190 kutoka mjini, tulipita milima ya Uluguru ikiwa bado imefunikwa na mawingu. Baada ya hapo ni Mikumi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, ambayo barabara yenyewe huipasua katikati. Hapo dereva hana budi kupunguza mwendo, na ubao ulio kando ya njia humwonyesha faini ya kumgonga kila mnyama kwa jina lake. Mama alitaka nimsomee ubao wote. Aliposikia kwamba hata mnyama mdogo wa porini ana bei yake aliguna tu, akageuka kuwatazama twiga.

Kutoka Mikumi mjini barabara huingia katika nchi nyingine kabisa. Milima husogea pande zote mbili, hewa huwa nzito, na mibuyu huanza kujitokeza mmoja mmoja, halafu kumi kumi, hata mteremko wote ukawa wa mibuyu mitupu, ya kijivu, isiyo na majani wakati ule wa kiangazi, minene kama matangi ya maji. Kando ya njia, Mto Ruaha Mkuu hupita baina ya mawe. Watu wa mjini hatuufikirii sana mto huo, lakini maji yake ndiyo yaendayo Kidatu, ambako tangu mwaka 1975 yamekuwa yakizungusha mitambo ya kufua umeme. Nami niliutazama nikijiambia kwamba sehemu ya baridi ya jokofu langu la nyumbani hutoka humo. Wazo hilo lilinirudia baadaye, wakati ambapo sikulifurahia.

Tulipita Ruaha Mbuyuni kwenye saa kumi alasiri bila kusimama. Hatukufika mbali. Chini ya Mlima Kitonga tulikuta mkia wa malori, na wa mwisho alipotuona alitoa mkono dirishani akaupindua kiganja juu, ishara ambayo kila dereva anaielewa. Semitrela lilikuwa limelala kwenye kona huko mlimani na kuziba njia zote mbili. Mpwa wangu alizima injini, tukangoja. Saa moja ikapita, na ya pili ikafuata. Mwishowe wakapita watu kutoka juu wakituambia kwamba mashine ya kuliinua haitafika kabla ya asubuhi. Tukageuza, tukarudi kijijini.

Jua lilikuwa linazama, lakini joto halikuwa na habari ya kuzama. Tuliegesha gari kando ya banda la mama mmoja apikaye chakula, karibu na magunia ya vitunguu yaliyopangwa kama ukuta. Umeme, tuliambiwa, ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Katika duka la jirani soda zilikuwa za uvuguvugu, na barafu ya muuza samaki ilikwisha kuwa maji.

Ndipo Mama aliposema kutoka kitandani, kwa sauti ya kawaida tu, "Mjukuu wangu, hilo jokofu lako sasa linakula nini?"

Hapo msomaji nitakuomba subira, maana bila kulijua jokofu lenyewe hutaelewa swali hilo. Jokofu la gari-nyumba lina njia tatu za kupata nguvu. Gari likiwa linatembea, hutumia umeme wa betri, kwa kuwa injini huijaza betri wakati huo huo. Likiegeshwa mahali penye umeme wa nyumbani, huchomekwa ukutani. Na likiwa halina hili wala lile, huwashwa kwa gesi ya mtungi. Injini ikizimwa, mtu hathubutu kuliacha kwenye betri, kwani katika saa chache betri yote itakuwa imenyonywa na gari halitawaka. Kwa hiyo mpwa wangu alipozima injini kwenye foleni alilizima na jokofu pia, akidhani ni kwa dakika kumi, kisha akasahau. Ilikuwa imepita zaidi ya saa mbili. Kipimajoto kilichokuwa ndani kilionyesha nyuzi 11.

"Usiufungue tena mlango huo," alisema Mama. "Washa gesi."

Mpwa wangu aliufungua mtungi, akabonyeza kirungu cha gesi, akapiga kitufe cha kiwashio. Kikalia: ta! Akapiga tena: ta! ta! Katika tundu dogo la kutazamia moto hapakuwa na kitu ila giza. Alipiga mara kumi na tano, nami nikamwomba anipishe, nikapiga mara kumi nyingine, kama kwamba kidole changu kilikuwa na elimu zaidi kuliko chake.

Waweza kushangaa, kama nilivyopata kushangaa mimi, kwamba moto hutengeneza baridi. Lakini ndivyo ilivyo, na si jambo jipya. Wanafunzi wawili wa Chuo cha Ufundi cha Stockholm nchini Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, ndio walioivumbua namna hiyo ya jokofu mwaka 1922. Ndani ya mabomba yake mna maji, amonia na haidrojeni, vimefungiwa humo daima. Moto mdogo huichemsha amonia mpaka ijitenge na maji. Mvuke wake hupanda, hupoa kwa hewa ya nje ukawa majimaji, kisha hutiririka hadi kwenye bomba lililo ndani ya sanduku la chakula. Huko hukutana na haidrojeni na kugeuka mvuke tena, na katika kugeuka huko hunyonya joto la kila kilichomo, kama spiriti inavyoipoza ngozi ya mkono. Mwishowe hurudi chini, maji huimeza, na mzunguko huanza upya. Hakuna mota wala ngurumo. Kila kitu huenda kwa kuchemka, kupanda na kutiririka, na ndiyo sababu jokofu hilo likiegeshwa upande upande hukataa kazi. Nao moto wenyewe si mkubwa kuliko wa koroboi.

Basi sisi tulikuwa na gesi na mabomba, na tulichokosa ni cheche. Mpwa wangu, ambaye ni kijana mwepesi, alipanda garini akasema, "Bibi, nipe kiberiti."

Mama aliinuka akaketi. Sijamsikia akitumia sauti ile tangu nilipokuwa mtoto. "Weka chini. Funga mtungi. Fungua milango yote, na sote tushuke."

Alikuwa na haki. Tulikuwa tumeimwaga gesi kwa robo saa nzima pasipo kuichoma. Gesi ya mtungi, ambayo ni propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikapotea bali hushuka na kulala sakafuni kama maji, ikingoja. Magari haya hutobolewa matundu sakafuni makusudi ili iweze kumwagika nje, lakini tundu laweza kuzibwa na kapeti au sanduku la nguo, na letu lilikuwa limezibwa na kapu la Mama mwenyewe. Hali kadhalika gesi yenyewe haina harufu. Ile tunayoinusa hutiwa kiwandani ili itushtue. Tukaliondoa kapu, tukakaa nje nusu saa. Mama mwenye banda alituletea viti, na bila kuulizwa akaleta na mtungi wa udongo wenye maji. Mama aliuomba uwe wake kwa usiku mmoja. Aliumimina maji ukabaki mtupu, akafunga kwa mfuko wa nailoni ile chupa yake ya matumizi, akaiweka ndani, akauzungushia kitambaa kibichi na kuutia upepo. Chupa nne nyingine alitaka zibaki ndani ya jokofu lililofungwa, kwa sababu, alisema, jokofu lililozimika likifungwa vema bado ni baridi kuliko mtungi. Huo wa udongo ungekuwa kimbilio la mwisho.

Nilimuuliza amejuaje yote hayo. Alinitazama kama kwamba nimeuliza swali la kipumbavu, na kwa kweli lilikuwa hivyo. Nilijua siku zote kwamba Mama alikuwa mwuguzi katika zahanati za vijijini. Sikuwa nimepata kufikiri kwamba zahanati zile hazikuwa na umeme, na kwamba chanjo za watoto zilihitaji baridi.

Mpango wa chanjo ulipoanza nchini mwaka 1975 na kuenea vijijini, zahanati nyingi zilipewa majokofu yaliyotumia mafuta ya taa. Moto wa utambi ulikaa chini yake badala ya moto wa gesi. Mengine yote yalikuwa ni yale yale ya vijana wa Stockholm. Mama alilitunza moja kwa miaka tisa katika nchi ya joto ya Usangu. Kila asubuhi na kila jioni alikisoma kipimajoto na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Alikata utambi kwa mkasi na kufuta masizi kwenye dohani, na kwa kuwa sakafu ya zahanati haikuwa sawa, alitia vipande vya ubao chini ya miguu ya jokofu mpaka likasimama sawasawa.

"Moto ukiwa wa buluu, nililala," alisema. "Ukiwa wa manjano, sikulala."

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa fundi, na sisi tulikuwa matingo wake. Swali lake la kwanza lilikuwa: gari limesimama sawasawa? Hatukuwa na pima maji. Alituamuru tulaze juu ya meza ya jikoni chupa ya soda yenye maji nusu. Povu likakimbilia upande mmoja. Tukatafuta jiwe bapa, gari likapandishwa gurudumu moja, povu likarudi katikati. Swali la pili: gesi yafika? Tuliwasha figa moja la jiko, nalo likawaka buluu safi. Kwa hiyo mtungi na regyuleta vilikuwa vizima. Akatuamuru kulizima na kuufunga mtungi tena. Swali la tatu lilikuwa gumu zaidi. "Mnasema kinalia. Kusikia si kuona. Cheche yenyewe nani ameiona?"

Hakuna aliyeiona.

Kwa nje ya gari, ubavuni, kuna kidirisha cha matundu ambacho hufunguliwa kwa bisibisi. Nyuma yake huonekana mgongo wa jokofu: mabomba meusi, dohani, na chini yake kisanduku cha bati kinachoikinga bana isipate upepo. Tulipokiondoa, vumbi la barabara na magamba ya kutu yaliyodondoka kutoka kwenye dohani vilikuwa vimejaa juu ya bana. Mpwa wangu alivisugua kwa mswaki mkavu. Alitaka pia kukichokoa kwa pini kile kitundu kidogo ambamo gesi hupita, nikamzuia, maana kitundu hicho hupimwa kiwandani kwa ustadi, na pini hukipanua. Baada ya hapo moto huwa mkubwa na mchafu daima.

Kando ya bana husimama kijiti cha chuma kilichovikwa kauri nyeupe. Ncha yake huielekea bana lakini haiigusi. Nafasi iliyopo kati yao ndiyo cheche inamoruka, na haipasi kuwa pana wala nyembamba: milimita nne hivi. Ya kwetu ilikuwa imepindishwa ikawa kama milimita nane. Mpwa wangu aliuliza tutaipima kwa nini, na Mama akampa kile kiberiti alichomnyang'anya. Njiti mbili zikiwekwa bega kwa bega zina upana wa karibu milimita nne. Tukakikunja kijiti pole pole, kwa woga wa kuvunja kauri, mpaka njiti mbili zikapita kwa shida. Tukapiga kitufe. Ta! Hakuna kitu.

Giza lilikuwa limeingia. Nami nakiri kwamba nilikuwa nimekata tamaa, nikawa natazama malori yaliyojipanga kando ya barabara na kufikiri kama yupo dereva mwenye jokofu. Madereva walikuwa wamewasha moto wa kupikia. Wengine wao wa Lubumbashi, wakizungumza Kiswahili chao kile kitamu chenye Kifaransa ndani yake. Kijiji kizima kilinuka vitunguu na mafuta ya dizeli.

"Zimeni tochi," alisema Mama. "Zote. Na mpige tena."

Tukazima. Mpwa wangu alipiga, nami nilikuwa nimeinamisha uso kwenye kidirisha. Ta! Na hapo nikaiona: nukta moja ya buluu, nyembamba kama uzi. Lakini haikuwa kwenye bana. Ilikuwa shubiri nzima mbali na hapo, pale ambapo waya wa kiwashio unapita juu ya ukingo wa kishikizo cha bati. Akapiga tena, nayo ikarukia mahali pale pale.

Umeme wa kiwashio cha namna hii hautoki kwenye betri. Ndani ya kitufe mna kipande cha madini, na nyundo ndogo yenye springi hukigonga. Kikigongwa hutoa umeme wa maelfu ya volti kwa kitambo kidogo mno. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, ndio waliogundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya mawe hutoa umeme yakibanwa. Umeme mkali kama huo hauna uaminifu. Ukipewa mahali pa karibu pa kutorokea, hautakwenda mbali. Waya ule ulikuwa umesuguana na ukingo wa bati kwa miaka mingi ya barabara za vumbi, ganda lake likalika, na cheche ilikuwa ikitorokea hapo kila mara huku kitufe kikitulilia masikioni kama kwamba kila kitu ni salama.

Nikuambie, msomaji, kwamba jiko lako la gesi nyumbani, kama ni lile la kitufe, lina kifaa cha ukoo huo huo. Likilia bila kuwaka, usikimbilie kununua jipya. Funga gesi, acha hewa ipite, zima taa, kisha tazama cheche inakwenda wapi.

Mpwa wangu aliufunga waya kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, mizunguko sita. Tulizima tochi. Cheche ilipenya utepe ule mara ya pili tu. Akasema kwamba waya mpya huagizwa kutoka ng'ambo, na ningemkaripia kwa kulitaja jambo hilo mbele ya Mama, lakini mama mwenye banda, aliyekuwa ametusimamia muda wote na mwiko mkononi, akasema, "Kwa nini hamumwiti fundi wa pikipiki?"

Alikuja kijana wa miaka ishirini na kitu, kifua wazi, tochi imefungwa kichwani. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mwanangu. Pole na kazi." Aliinama akatazama, akaniambia waziwazi kwamba jokofu la gesi hakupata kuliona maishani mwake. Akashika kijiti chenye kauri, akafuata waya kwa kidole mpaka kwenye kitufe, akacheka. "Mzee, hii ni plagi tu."

Na kweli, ilikuwa plagi. Akaenda kwake akarudi na waya wa plagi wa pikipiki iliyokufa, wenye ganda nene la mpira, maana nao huchukua umeme wa maelfu ya volti usiku na mchana juu ya injini yenye moto na mtikisiko. Alikata kipande, akachuna ncha zote mbili, akazibana kwa plaizi kwenye vishikio vya waya wa zamani. Kisha, jambo ambalo sisi hatukulifikiri, aliupitisha waya mbali na bati na kuufunga kwa kamba ya mpira ili usisuguane na kitu. Kazi yote haikumchukua dakika ishirini. Alitaka shilingi elfu tatu.

Tochi zikazimwa kwa mara ya mwisho. Ta! Uzi wa buluu ukaruka kutoka kwenye ncha ya kijiti hadi kwenye bana.

Tukaufungua mtungi. Nilipaka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya bomba la gesi, na hakuna palipovimba. Mpwa wangu akabonyeza kirungu, akapiga kitufe, na ndani ya bati ikasikika sauti ndogo kama ya mtu anayepuliza chai. Hakukiachia kirungu upesi. Kando ya moto kuna kijiti kingine kiitwacho thamokapo, ambacho kikipata joto huzalisha umeme kidogo sana, wa kutosha tu kushikilia vali ya gesi wazi. Moto ukizimika, hupoa, vali hujifunga, na gesi haimwagiki ovyo. Kwa hiyo mtu hana budi kungoja kipate moto. Tulihesabu hadi thelathini. Akaachia. Sauti ile haikukoma.

"Rangi gani?" Mama aliuliza.

"Buluu, Bibi."

Ilikuwa saa tatu na nusu usiku, na kipimajoto, kiliposomwa upesi upesi na mlango ukafungwa, kilikuwa kimefika 15. Jokofu la moto halina haraka. Mama aliomba kalamu, akaandika nyuma ya bahasha ya hospitali: saa 3.30, 15. Nikamwambia alale, nami nitakesha. Hakujibu. Mpwa wangu alikwenda kula kwa madereva wa Lubumbashi, fundi akaenda zake, nasi tukabaki kwenye viti nje ya gari, tukisikiliza ile sauti.

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo hakupata kunieleza. Mwaka 1981 mafuta ya taa yalichelewa kufika zahanati. Aliyabana yaliyokuwapo, akapunguza utambi, na Jumamosi moja jioni aliona moto unawaka akaenda nyumbani. Jumapili hakwenda kutazama. Jumatatu asubuhi moto ulikuwa umezimika, na kipimajoto kilikuwa katika nyuzi 24. Nje walikuwa wamekaa akina mama wenye watoto, wengine wametembea tangu usiku. Aliwaambia warudi nyumbani, chanjo imeharibika, nyingine itakuja baada ya mwezi. Surua ilifika kabla ya chanjo.

Nilingoja aendelee. Aliinuka, akakibusu kitambaa cha mtungi kwa mkono kuona kama bado ni kibichi, akakimwagia maji.

Saa sita aliandika 12. Saa tisa, 8. Kila mara alishika tochi mwenyewe, akainama kwenye tundu la kutazamia kabla ya kusoma kipimajoto, kwanza moto kisha nyuzi, kwa utaratibu ambao mikono yake haikuwa imeusahau. Mimi nililala kitini pasipo kukusudia. Aliponiamsha mbingu ilikuwa nyeupe nyuma ya mibuyu, umeme wa kijiji ulikuwa umerudi, redio zikilia kila banda, na kwenye bahasha palikuwa pameandikwa: saa 11.30, 5.

Njia ilifunguliwa saa mbili asubuhi. Mpwa wangu aliufunga mtungi wa gesi, kama ipasavyo kabla ya gari kutembea, akalihamishia jokofu kwenye betri, nasi tukaingia katika mkia wa malori kupanda Kitonga kwa mwendo wa kinyonga. Kwenye kona lile semitrela lilikuwa limeburutwa pembeni, mifuko ya saruji imepasuka, na mteremko wote chini yake ulikuwa mweupe. Juu, kuelekea Ilula, hewa ya baridi iliingia madirishani. Mama alikuwa amelala usingizi mzito, na mtungi wa udongo ulikuwa miguuni pake, kwani mama mwenye banda alikataa katakata kurudishiwa, na akakataa hata fedha. Alikubali tu kwamba tukipita tena tutanunua vitunguu kwake.

Tulifika Rungwe kesho yake, mvua ikinyesha. Dada yangu ana jokofu la umeme la kawaida, jeupe, linalonguruma. Mama alizitia humo chupa zake nne moja moja, mbali na chumba cha barafu, akaomba gundi, akabandika ile bahasha mlangoni. Chini ya mstari wa mwisho akaandika tarehe, na saa, na 4.